Si Ufunguo, ni Muhuri

Wapo watakaouliza mambo ya kompyuta yanatafuta nini katika baraza la washairi. Yanatafuta jina. Siku hizi mtu aweza kuingia katika kompyuta yake ya Linux kwa kuchomeka kijidude kidogo, mfano wa YubiKey, na kukigusa kwa kidole. Kiingereza kimekiita ufunguo, nasi tumefuata bila kuhoji: "ufunguo wa usalama". Nadai kwamba jina hili linapotosha, na kwamba upotoshaji wake waweza kumfungia mtu nje ya kazi zake mwenyewe.

Ufunguo kwa Mswahili ni chuma chenye meno yanayooana na kitasa. Ukipotea, fundi huchonga mwingine. Na aliyeuazima kwa nusu saa aweza kuuchongea pacha. Kijidude hiki hakina sifa hizo. Ndani yake mna siri isiyotolewa nje. Kila mara kompyuta hukiletea swali jipya, nacho, kikishaguswa, hurudisha jibu lenye alama ambayo siri ile peke yake ndiyo iwezayo kuitoa. Kompyuta haina nakala ya siri hiyo, ina kielelezo tu cha kuitambulia alama. Kazi hiyo ni ya muhuri. Karani aliyepokea waraka hakuhitaji kuwa na pete ya aliyeuandika. Alihitaji kuijua chapa yake.

(Nenosiri, kwa upande wake, ni jina lililofuzu. Neno likishatamkwa si siri tena, na udhaifu wa kitu umo ndani ya jina lenyewe.)

Nitaambiwa kwamba muhuri nao hughushiwa. Ni kweli, na hakuna istiari isiyochechemea. Lakini anayesikia "muhuri" hatarajii kwamba ukipotea atachongewa mwingine kwa fundi wa mtaani. Atasajili mihuri miwili tangu siku ya kwanza, mmoja atembee nao na wa pili aufungie kabatini. Anayesikia "ufunguo" husajili mmoja, akalala usingizi.

Jambo la lugha haliishii hapo. Katika Linux, kazi hii hufanywa na moduli iitwayo pam_u2f, na mwenye kuiweka huhariri faili zilizomo katika /etc/pam.d. Humo hukutana na maneno mawili ya Kiingereza ambayo ningeyafasiri "lazima" na "yatosha". Akiandika "lazima", nenosiri na muhuri vyote viwili hudaiwa. Akiandika "yatosha" juu ya mstari wa nenosiri, muhuri peke yake humwingiza, na asiye nao huulizwa nenosiri kama zamani. Wengi huchagua hili la pili wakidhani wamejilinda, ilhali mwizi aliyekwisha kulipata nenosiri hajazuiwa kwa lolote. Wamejipunguzia kuchapa tu. Anayechagua "lazima" naye, kabla ya kujaribu, aache dirisha la pili la amri likiwa wazi kwa mamlaka ya msimamizi, ili akikosea herufi moja apate pa kurudia.

Na kile kitendo cha kukigusa kijidude taa yake inapomweka? Hapo hatuna haja ya kubuni neno. Tumekuwa nalo maofisini miaka yote: kupiga muhuri.