Bati la Bure la Asbesto Tusilipokee



Naomba nafasi ndogo katika jarida letu nitoe maoni yangu juu ya neno lililosemwa katika tawi letu hivi karibuni. Imesemwa kuwa yako mabati ya asbesto yanayotolewa bure katika majengo ya zamani yanayobomolewa, na kuwa yafaa tuyachukue tukaezekee mabanda ya kukaushia karafuu. Ukilisikia mara ya kwanza neno hili ni jema. Bati jipya ni ghali, mvua ya vuli haimngojei mtu amalize banda lake, na karafuu ikirowa huvunda na bei ikaanguka. Walakini mimi napinga, na sababu yangu niliipata mbali na hapa, pwani ya Ziwa Tanganyika.

Mwaka jana nilikwenda Ujiji kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Ujiji si mji mgeni kwetu, maana misafara ya wazee wetu ndiko ilikokuwa ikienda. Jirani yake ni Kigoma, mji wa reli na bandari. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1914, na meli ya Liemba ilishushwa majini hapo mwaka 1915. Mahali kama hapo utaona majengo ya kila zama, hata yale ya miaka ambayo bati la saruji na asbesto lilikuwa fahari kote Afrika ya Mashariki, kwa kuwa halishiki kutu, haliungui, wala halipigi kelele mvua inyeshapo.

Mwana wa dada yangu ni fundi wa kuezua na kuezeka. Jioni moja alirudi nyumbani mweupe kama mtu atokaye kinuni. Walikuwa wakiezua ghala kuukuu. Misumari ilikuwa imeshika kutu, basi wakayavunja mabati kwa nyundo, wakayatupa chini, kisha wakafagia vumbi likiwa kavu. Sehemu ya ujira wake alilipwa kwa mabati yaliyosalimika. Moja alikwisha kumpa jirani aezekee banda la kuku, na watoto walikuwa wakichorea vigae vyake barazani kama chaki. Mama yake akachukua shati lile akalikung'uta mlangoni.

Nikamwambia, "Mwanangu, huliogopi vumbi hili?"

Akanijibu, "Mjomba, kazi hii naifanya mwaka wa sita, wala sijapata hata kikohozi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba mno, ambazo jicho halizioni. Bati likivunjwa nyuzi huruka, mtu akazivuta, zikakaa mapafuni asiweze kuzitoa. Hazimdhuru leo wala kesho. Mara nyingi ugonjwa hutokea baada ya miaka 20, 30 au hata 40: mapafu hukakamaa, au mtu hupata saratani ya mapafu, au ile ya utando wa mapafu iitwayo mesotelioma. Mvuta sigara hatari yake ya saratani ya mapafu huzidi mara nyingi. Basi miaka sita bila ya kikohozi si ushahidi wa kitu. Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Wala hii si habari ya uvumi. Mwaka 1924 alikufa huko Rochdale, Uingereza, mwanamke aitwaye Nellie Kershaw, aliyekuwa akisokota asbesto kiwandani, na madaktari wakaandika habari za mapafu yake. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika ya Kusini walieleza saratani ya utando wa mapafu katika wilaya za machimbo ya asbesto, na baadhi ya wagonjwa hawakupata kuchimba hata siku moja, bali walikaa karibu tu. Wake wa wafanya kazi nao wameugua kwa kufua nguo za waume zao. Uingereza iliikataza mwaka 1999 na Afrika ya Kusini mwaka 2008. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa asbesto waliyoipata kazini.

Sisemi haya ili mtu akimbie nyumba yake. Bati la asbesto lililo zima, limetulia juu ya paa, halina madhara makubwa, na kuliacha lilivyo mara nyingi ndiyo busara. Dada yangu aliniuliza juu ya maji ya mvua anayoyakinga. Nilimjibu kuwa hofu iliyothibitika ni ya kuvuta vumbi puani, si ya kunywa. Adui ni nyundo, msumeno, keekee, brashi ya waya na ufagio mkavu.

Paa likiwa halina budi kuondolewa, kazi ina taratibu yake. Watu wasiohusika, na watoto kwanza, wakae mbali. Bati lilowanishwe kwa maji yenye sabuni kidogo, na libaki limerowa mpaka mwisho. Misumari na parafujo zifunguliwe au zikatwe, bati lisivunjwe, na literemshwe kwa mikono, lisitupwe. Fundi avae barakoa maalumu ya vumbi hatari. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii nyuzi hizi. Vigae vifungwe katika nailoni nzito mara mbili, viandikwe, vikazikwe mahali palipokubaliwa na wakuu wa mazingira. Visichomwe moto, visitupwe baharini, wala visifukie mashimo ya njia. Vumbi lipanguswe kwa tambara bichi, na nguo za kazi zisichanganywe na za nyumbani.

Mtasema kazi hiyo ni ya gharama. Naam, na hapo ndipo penye siri ya bati la bure. Mwenye jengo akilitoa bure hatupi mali, bali anatutwisha mzigo wake. Gharama ya kuliondoa na kulizika inampasa yeye, naye anaona heri tuibebe sisi kwa mapafu ya vijana wetu. Tukilipigilia misumari, tutalitoboa. Likipasuka, vumbi litaanguka juu ya sakafu tunayoanikia karafuu, na wake zetu watalifagia kila siku.

Mwana wa dada yangu alinisikia. Kazi iliyofuata alidai maji, nailoni na barakoa. Kazi ile akapewa mwingine asiyedai kitu. Nimejifunza hapo kuwa mtu mmoja akisimama peke yake hushindwa, na kwa hiyo nalileta jambo hili mbele ya chama.

Shauri langu ni matatu. Kwanza, mkutano ukatae mabati haya, na atakayeyachukua kwa siri aonywe. Pili, kila tawi litazame maghala na mabanda yake ya zamani na kuandika palipo na asbesto. Kwa kuwa macho peke yake hayawezi kuthibitisha, bati lolote la saruji la zamani tulihesabu kuwa nayo mpaka lipimwe. Tatu, asiguse mtu paa la namna hiyo kabla ya kuuliza Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, na chama kibebe gharama za paa lililo lake.

Mwenye hoja ya kunipinga na ailete mkutanoni, nami nitamsikiliza.

Ni mimi,
Mwanachama wenu