Chemosit Hana Riwaya?

Wasee, nimemaliza riwaya tatu: mbili za wapelelezi wa London, moja ya majoka yanayotema moto. Tamu, sikatai. Lakini mbona kijana wa Kericho anajua vichochoro vyote vya London na hamjui Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar? Muhammed Said Abdulla alimleta kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, 1960!

Unataka fantasia? Kogo alitutisha na Chemosit, jitu la mguu mmoja, kabla tujue joka ni nini.

Unataka msisimko? 1934 mkoloni alitunga sheria ya kuwafukuza Talai, ukoo wa waonaji wa Kipsigis, hadi Gwassi. Hiyo si stori?

Waandishi wa Kericho na Bomet, mnangoja nani? Sisi tutanunua.