Mkulima Naye Atoe Alama: Barua ya Wazi kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania

Kwa: Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: WANAFUNZI WANAOKUJA KUSAIDIA VIKUNDI VYA WAKULIMA KATIKA MAWASILIANO

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakusalimu kutoka Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, ambako ukungu hukaa shambani hadi jua lipande na kabichi hukatwa watu wakiwa wamevaa makoti. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga. Kikundi chetu hakigawi faida. Ada za wanachama na misaada midogo tunayopata hununua mbegu kwa pamoja, hulipia safari za kutafuta soko na kugharamia mafunzo. Nimekuandikia hadharani kwa sababu ombi langu haliwezi kuamuliwa na chuo kimoja. Tume yako ndiyo inayoidhinisha programu za masomo za vyuo vikuu vyote, vya serikali na vya binafsi.

Tulipokea wanafunzi watano wa chuo kikuu kimoja kwa mafunzo ya vitendo ya wiki nane. Wawili walisoma teknolojia ya habari, wawili elimu ya ugani, mmoja uandishi wa habari. Barua yao ilisema wamekuja kutusaidia kuboresha mawasiliano ya kikundi. Tuliwapokea kwa furaha, na pia kwa tahadhari. Kabla yao walishakuja wengine wenye madodoso, wakatuuliza tuna mbuzi wangapi na tunakula mara ngapi kwa siku, wakaondoka. Majibu yetu yalikwenda wapi hatukuambiwa.

Wiki ya kwanza vijana wale waliitumia kuchora nembo. Walibishana kuhusu rangi ya kijani, kama iwe ya jani la kabichi au la karoti. Walikuwa na bidii, na nembo ilikuwa nzuri. Siku ya gulio mweka hazina wetu akawaita. Akawaambia, “Wanangu, kabla hamjaandika habari zetu, njooni mkae nami hapa mpaka lori liondoke.”

Wakakaa. Waliona gunia la karoti likijazwa, kisha likiongezewa kilemba juu na kufungwa kwa kamba mpaka likawa na mabega. Ndiyo lumbesa hiyo. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo huipiga vita lumbesa kila msimu, lakini sokoni kwetu wauzaji wengi hawakujua kwamba wana haki ya kuikataa. Waliona dalali akitaja bei na mama mmoja akiikubali palepale, kwa kuwa hakuwa na namna ya kujua kabichi zimeamkia bei gani Dar es Salaam. Kumbe bei hiyo ilikuwa imetumwa jana yake kwenye kundi letu la WhatsApp. Niliituma mimi mwenyewe.

Jioni ile vijana waliomba wanachama wakutane chini ya mti wa ofisi. Waliuliza ni nani aliyeuona ujumbe wa bei. Mikono michache ikanyooka, karibu yote ya wanaume wenye simu janja. Wengi wetu tunatumia kitochi, na wapo wanaotumia simu ya mtoto au ya jirani. Wakauliza ni nani aliyesoma taarifa yetu ya mwaka. Tulikuwa mimi na mwenyekiti. Mmoja wa wanafunzi akasoma kwa sauti sentensi moja kutoka humo, inayosema kwamba kikundi “kimewajengea uwezo wanachama katika mnyororo wa thamani”. Mzee mmoja akauliza, kwa dhati kabisa, mnyororo huo unamfunga nani.

Ndugu Katibu Mtendaji, sijalisahau swali lile. Taarifa niliiandika mimi, katika Kiswahili nilichokiokota kwenye semina na kwenye fomu za wafadhili. Nilidhani ninawaandikia wenzangu. Kumbe nilikuwa nikiwaandikia watu wa mbali kuhusu wenzangu.

Baada ya hapo kazi ya vijana ilibadilika. Waliweka daftari ofisini, kila anayepita akaandika swali lake au akamtajia mwingine amwandikie. Maswali yalikuja ya kila namna: mbegu ya karoti inaingia lini, kwa nini ada imepanda, yule mnunuzi aliyeahidi kurudi yuko wapi, dawa ya wadudu wa kabichi ichanganywe kiasi gani. Daftari hilo likawa ndilo linaloamua tutangaze nini. Wakatengeneza ubao sokoni wenye mambo matatu tu: bei ya Dar es Salaam iliyoulizwa kwa simu jana jioni, uzito halali wa gunia, na jina la lori linalotarajiwa. Kwa wenye kitochi walitumia ujumbe mfupi wa maandishi. Kwa wasiosoma walirekodi sauti ya mweka hazina, isiyozidi dakika moja, ikapelekwa kwa wanachama kumi wenye simu janja, na kila mmoja akapewa majirani wa kuwasikilizisha. Taarifa ya mwaka iliandikwa upya. Mnyororo wa thamani ukawa “safari ya kabichi kutoka shambani hadi sahani”, na kila kituo cha safari hiyo kikaonyesha nani analipwa nini.

Kwa wanunuzi waliandaa ukurasa mmoja wa karatasi: tunalima nini, tunavuna miezi gani, mzigo kiasi gani, barabara ikoje wakati wa masika, apigiwe nani. Wakatufundisha pia adabu ya picha. Asipigwe mtu bila ridhaa, na asitumiwe mtoto mwenye nguo iliyochanika kuombea fedha ilhali mzazi wake yupo na anafanya kazi. Mama aliyepigwa picha aonyeshwe kwanza, naye aseme itumike au isitumike.

Mabadiliko tuliyaona kwa macho. Kina mama walianza kwenda kwenye ubao kabla ya kwenda kwa dalali. Wapo waliolikataa gunia la lumbesa na wakauza hata hivyo. Mikutano ilijaa, kwa sababu watu walikuja kusikia majibu ya maswali yao wenyewe.

Kisha wiki nane zikaisha. Wanafunzi waliagwa kwa ngoma, wakarudi chuoni kuandika ripoti. Mwezi wa tatu baada ya hapo ubao ukafutika. Kijana wetu aliyekuwa akiuandika alihamia mjini na hakuna mwingine aliyekuwa amefundishwa. Ukurasa wetu wa Facebook ulikuwa umefunguliwa kwa simu ya mwanafunzi mmoja, na nywila akaondoka nayo. Namba yake haikupatikana tena. Picha zote zilikuwa kwenye kompyuta yake. Chuo kilimpa alama kwa ripoti aliyoiandika, na nina hakika iliandikwa vizuri. Kikundi hakikuulizwa neno. Ripoti yenyewe hatujaiona mpaka leo.

Siwalaumu wale vijana. Walitutendea wema na walitufundisha. Walifanya walichoambiwa kuwa ndicho kinachopimwa, na kilichopimwa kilikuwa karatasi ya kumpa mhadhiri.

Ndiyo maana ombi langu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo. Mwanafunzi anayekuja kufanya kazi ya mawasiliano kwa wakulima, wakulima nao wampe alama.

Ombi hili lina mizizi katika nchi yetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayopima karatasi peke yake na kumtenga msomi na jamii iliyomlipia. Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi: kijana alitakiwa afanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, na aliofanya nao kazi watoe neno juu yake. Utaratibu ule ulikuwa na kasoro zake na haukudumu, na siombi urudi. Naomba tuokoe wazo lililokuwa ndani yake, kwamba aliyehudumiwa ana haki ya kusema huduma ilikuwaje.

Katika mawasiliano yenyewe pia tuna urithi. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973. Redio ilitangaza, lakini haikuachwa itangaze peke yake. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi na kiongozi aliyefunzwa kuendesha mazungumzo. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Miaka miwili baadaye ikafuata “Chakula ni Uhai” kwa mtindo uleule. Ujumbe ulihesabiwa kuwa umefika pale watu walipoujadili na kuufanyia kazi.

Na hapa Morogoro mwaka 1993, wakulima kutoka mikoa kadhaa, wakisaidiwa na wasomi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walianzisha mtandao wa MVIWATA ili mkulima ajifunze kwa mkulima mwenzake. Kauli mbiu yao inasema mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Chuo kilikutanisha watu, na wakulima wakashika usukani. Ushirika wa namna hiyo ndio tunaoutamani kila mwanafunzi anapoteremka kwenye basi akiwa na begi lake.

Gharama ya habari kuchelewa kumfikia mkulima tunaijua. Serikali iliporejesha ruzuku ya mbolea msimu wa 2022/2023, mkulima alitakiwa ajiandikishe, apate namba yake, kisha aende nayo kwa wakala. Mpango ulikuwa mwema. Lakini kwetu wapo waliofuta ujumbe wa namba wakidhani ni wa matapeli, na wapo waliosafiri hadi kwa wakala bila kujua wanatakiwa kuja na nini. Laiti ubao wetu na daftari letu vingekuwapo wakati ule, mtu angeuliza jioni na kujibiwa asubuhi.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu Mtendaji, tunaiomba Tume iweke mambo haya katika miongozo yake kwa vyuo.

Kwanza, kazi ya mawasiliano katika vikundi na asasi za wakulima itambuliwe rasmi kuwa mafunzo kwa vitendo, na timu zichanganye fani. Anayejua kompyuta amhitaji anayejua ugani, na wote wawili wamhitaji anayejua kuandika sentensi inayoeleweka.

Pili, theluthi moja ya alama itolewe na kikundi kilichohudumiwa, katika mkutano wa wazi, kwa maswali machache: Je, tulisikilizwa? Je, tunaelewa kilichoandikwa? Je, tunaweza kukiendesha wenyewe? Chuo kibaki na theluthi mbili zake na utaalamu wake.

Tatu, asipewe alama mwanafunzi ambaye hajakabidhi. Nywila, picha, namba za simu na mafaili yabaki kwa kikundi, na wanachama wasiopungua wawili waonyeshe mbele ya msimamizi kwamba wanaweza kuifanya kazi hiyo. Ripoti nayo irudi, hata kwa kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida.

Nne, chuo kishike kikundi kimoja kwa miaka mitatu, timu moja ikiipokea nyingine, ili timu ya pili ianzie pale ya kwanza ilipoishia.

Najua utaulizwa kuhusu fedha. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu tayari ina fungu la mafunzo kwa vitendo, na wasimamizi kutoka vyuoni tayari husafiri kuwakagua wanafunzi. Tunachoomba ni msimamizi akifika akae nasi saa mbili, atusikilize, na karatasi yake ya alama iwe na nafasi yetu.

Nasi tuna wajibu. Tutawapa wanafunzi mahali pa kulala na chakula tunachokula. Tutawaambia ukweli, hata pale kosa likiwa letu, kama lilivyokuwa langu kwenye taarifa ile. Hatutagawa alama kwa huruma, wala kumwadhibu kijana kwa sababu mvua haikunyesha. Tutachagua mapema wa kujifunza kazi, na nusu yao wawe wanawake, kwa kuwa wao ndio wengi sokoni na wachache kwenye kundi la WhatsApp.

Ubao bado upo, umeegemezwa ukutani ofisini. Binti wa mweka hazina ameanza tena kuuandika baada ya kumaliza kidato cha nne. Akikosa salio, bei haiulizwi na ubao unakaa mtupu siku hiyo. Daftari la maswali nalo linaendelea, na kwenye ukurasa wa mwisho mtu ameuliza kama wale vijana watarudi. Sijaandika jibu.

Likija jibu lako, nitalisoma mkutanoni, kisha tutaliandika kwenye ubao, chini ya bei ya kabichi, mahali ambapo kila mtu ataliona.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha wakulima wa mboga,
Mgeta, Morogoro.