Muhali na Mwizi wa Simu

Wiki moja ya mwezi uliopita ilinipa visa viwili ambavyo hadi leo sijaweza kuvitenganisha akilini. Cha kwanza kilitokea Darajani, mchana kweupe. Kijana alikamatwa na simu isiyo yake, na kabla hajasema neno alikwisha kulazwa chini, akipigwa na watu ambao wengi wao hata hiyo simu hawakuiona. Cha pili nilikisikia usiku barazani kwetu Mji Mkongwe, kwa sauti ya chini kama ya msibani: mtu mzima wa mtaa amemdhalilisha mtoto wa jirani, mvulana wa miaka tisa. Wazee wa pande mbili wamekutana, fedha za matibabu zimetolewa. "Limekwisha kifamilia," alisema msemaji, na kahawa ikaendelea kumiminwa.

Wanafunzi wangu huanza muhula wakiamini kwamba uhalifu ni kitu kilichokwisha kuandikwa katika sheria, na kazi ya jamii ni kukikamata tu. Émile Durkheim alitufundisha tangu mwishoni mwa karne ya 19 kwamba kitendo huwa kosa kwa sababu jamii imekilaani. Howard Becker, katika kitabu chake cha 1963, akauliza swali linalotuhusu zaidi: ni nani hubandikwa jina la mhalifu, na ni nani husalimika?

Hapa Unguja jibu lina jina lake: muhali. Neno hili asili yake ni Kiarabu, likiwa na maana ya jambo lisilowezekana. Sisi tumelifanya kuwa ule uzito wa moyo unaomzuia mtu kumkatalia au kumuumiza aliye karibu naye. Sitaki kulidharau. Katika mji ambao nyumba zinaegemeana kuta na harusi za miaka mia zimetufanya sote kuwa wajomba na mashangazi, bila ya muhali tusingeweza kuishi pamoja hata mwaka. Lakini muhali una mipaka, nayo ni mipaka ya ukoo. Kijana wa Darajani hakuwa mpwa wa yeyote pale. Yule mwengine mama yake ndiye aliyetusomesha msahafu.

Sheria nayo iliwahi kusimama upande wa aibu. Mwaka 1985 Zanzibar ilipitisha sheria iliyoitwa ya kuwalinda wari na wanawake walioachwa, na chini ya ulinzi huo mwanamke asiye na mume akipata mimba angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mwanamume angeweza kukana, tumbo halikani. Ilichukua miaka 20, hadi 2005, kifungo kile kikaondolewa na kuwekwa adhabu ya kuitumikia jamii. Nayataja haya kwa sababu mantiki yake ingali hai barazani: kinachoadhibiwa ni kile kinachoonekana, si kile kinachodhuru.

Leo hatuwezi kusema kwamba sheria hatuna. Ipo Sheria ya Watoto ya 2011, ipo Sheria ya Adhabu ya 2018, na tangu 2021 ziko mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo mtoto anaweza kupata daktari na polisi mahali pamoja. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionesha kwamba kwa upande wa Zanzibar wavulana waliosema wamedhalilishwa kingono utotoni walikuwa wengi, kwa uwiano, kuliko wasichana. Tumezoea kuonya mabinti tu. Lakini mahakama haihukumu bila ya ushahidi, na ushahidi wetu huoshwa nyumbani kabla ya alfajiri. Shahidi hupelekwa kwa shangazi yake Pemba. Mama husema amesamehe, ilhali hajaulizwa aliyetendewa.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: sitara. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, kesi ikinguruma mtoto ndiye atakayebaki na jina." Ni kweli, na mtu asiyeliona hilo hajaishi mtaani. Ila katika suluhu ile nilitafuta sitara ya mtoto nisiione. Aliyesitiriwa ni mkubwa, mtoto alinyamazishwa.

Jela zetu tunaziita Vyuo vya Mafunzo na waliomo tunawaita wanafunzi. Ni jina lenye imani kubwa kwa binadamu, nami nalipenda. Mwizi wa simu huenda akapelekwa huko kufunzwa. Yule mwengine tumekwisha kumfunza sisi wenyewe.

Nasema "sisi" kwa makusudi. Usiku ule nilikuwa na simu mfukoni na namba ya sheha ndani yake. Nikapokea kikombe changu, nikauliza khabari za mpira.

Mtoto yule namuona asubuhi akienda skuli. Siku hizi hupita njia ya nyuma, ile ndefu, isiyopita mbele ya nyumba ya jirani yake.