Jemadari Aliyetii Amri

Wazee walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni neno la kweli, na sisi tufanyao kazi chini ya wakubwa twalikumbuka kila siku. Lakini juma hili nataka kuwapa wasomaji habari za mtu aliyesikia la mkuu wake, na waliovunjika ni watu waliokuwa chini yake.

Mtu huyo ni Friedrich Paulus, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1890. Kwanza alitaka kuingia katika manowari, akakataliwa. Akasoma sheria kwa muda mfupi, kisha mwaka 1910 akajiunga na jeshi la nchi kavu. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Ufaransa na katika nchi za Balkani, akamaliza vita akiwa kapteni. Baada ya kushindwa, Ujerumani iliruhusiwa kuwa na askari 100,000 tu, na Paulus alikuwa miongoni mwa maofisa waliobakizwa.

Sifa yake ilikuwa kazi ya mezani: ramani, hesabu na mipango. Mwaka 1940 aliitwa makao makuu ya jeshi, akashiriki katika kupanga mashambulio juu ya Urusi. Januari 1942 alikabidhiwa Jeshi la Sita, ingawa hakuwa amepata kuongoza hata divisheni moja vitani.

Mwaka ule ule alilipeleka jeshi hilo mpaka mji wa Stalingrad, kando ya mto Volga. Mwezi Novemba Warusi wakalizunguka kutoka kaskazini na kusini, na watu zaidi ya 250,000 wakawa ndani ya mtego. Paulus aliomba ruhusa ya kutoka. Hitler akakataa, akaahidi kwamba ndege zitaleta mahitaji. Jeshi lilihitaji tani 300 kwa siku kwa uchache. Zilizofika zilikuwa kama tani 100. Mtu wa hesabu kama Paulus hakuhitaji kuambiwa maana ya tarakimu hizo. Askari walikula farasi wao, wakafa kwa njaa na baridi.

Tarehe 8 Januari 1943 Warusi walimtaka asalimu amri, wakiahidi chakula na matibabu kwa majeruhi. Alikataa, kwa kuwa ndivyo alivyoamriwa. Mauaji yakaendelea kwa juma tatu zaidi. Tarehe 30 Januari Hitler akampa cheo cha juu kabisa katika jeshi la nchi kavu, kwa kuwa ilisemwa kwamba hapakuwa na Mjerumani wa cheo hicho aliyepata kutekwa. Maana yake ni kwamba ajiue. Kesho yake Paulus alitekwa katika ghala ya chini ya duka kubwa mjini. Askari kama 91,000 walitekwa, na waliorudi kwao walikuwa kama 6,000 tu, wa mwisho mwaka 1955.

Wako wanaomtetea, wakisema kwamba jeshi lake, kwa kukaa pale, liliwashughulisha Warusi hata majeshi mengine ya Ujerumani yakapata nafasi ya kurudi nyuma kutoka Kaukazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Paulus mwenyewe baadaye alimgeuka Hitler, na mwaka 1946 alitoa ushahidi huko Nuremberg juu ya vita vile alivyosaidia kuvipanga. Aliachiliwa mwaka 1953, akafa Dresden mwaka 1957. Mke wake alikuwa amekwisha kufa mwaka 1949, bila ya kumwona tena.

Ndugu wasomaji, utii ni nguzo ya kazi yo yote, na mimi siupingi. Lakini mkubwa aliye mbali huona karatasi. Msimamizi aliye karibu huona watu. Akinyamaza baada ya kukataliwa mara moja, hawezi kusema kwamba lawama yote ni ya yule wa mbali. Paulus alipata ujasiri wa kusema, lakini waliohitaji kuusikia walikuwa wamekwisha kufunikwa na theluji. Majuto ni mjukuu.