Darubini ya watoto, foleni ya wakubwa

Mhariri,



Hivi karibuni shule anayosoma binti yangu ilitualika usiku wa kutazama nyota. Mwalimu wa fizikia akasimika darubini uwanjani, akailenga Zohali. Watoto walipanga foleni tangu saa moja jioni. Halafu akaja mgeni rasmi. Akatazama yeye, ikafuata kamati ya shule, kisha sisi wazazi, kila mmoja akibandika simu kwenye kioo apate picha (nakiri, hata mimi nilijaribu). Kila baada ya muda mfupi mwalimu alilazimika kuilenga upya, maana dunia inazunguka na sayari haimsubiri mtu. Taa kubwa ya ulinzi nayo ikaachwa inawaka.

Zamu ya binti yangu ilipofika, akasimama kwa ncha za vidole, kwani hakuna aliyekumbuka kuleta stuli. Wingu lilikuwa limeshatanda.

"Baba, wewe uliziona pete?"

Nikamjibu niliziona. Hakusema neno hadi nyumbani.

Nawaomba walimu wakuu na maofisa elimu: watoto watangulie, taa zizimwe, stuli iwepo. Na darubini isifungiwe kabatini kumsubiri mgeni mwingine. Miezi minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610 huonekana hata kwa darubini ndogo. Wasomaji ambao shule zenu zimelipatia jambo hili, tuandikieni mnavyofanya.

Mzazi,
Morogoro