Mnunuzi Apewe Nafasi ya Kuchagua

Mfanyakazi aendaye dukani kununua kompyuta mpakato huulizwa juu ya bei na ukubwa wa kioo. Haulizwi ataka mfumo gani wa kuiendesha. Mfumo umekwisha kuwekwa kiwandani, na aghalabu ni Windows ya kampuni ya Microsoft. Ada ya leseni imo ndani ya bei, atake asitake.

Mfumo mwingine upo. Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, na tangu hapo umejengwa na maelfu ya mafundi wa nchi nyingi. Kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuuchunguza, kuurekebisha na kumgawia mwenziwe. Wala si chombo cha kubahatisha: tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zinazoongoza kwa nguvu duniani zaendeshwa nao, na kiini chake kimo katika kila simu ya Android. Mkulima mwenye simu hiyo hakuhitaji mwalimu. Aliununua umo tayari. Hapo ndipo penye siri ya jambo hili: watu wengi hutumia walichokikuta ndani ya chombo.

Wenye makampuni walilijua hilo zamani. Microsoft iliwatoza watengenezaji ada hata kwa kompyuta waliyoiuza bila ya mfumo wake, mpaka Serikali ya Marekani ilipoishtaki, nayo ikakubali mwaka 1994 kuuacha mtindo huo. Lakini mazoea yalibaki. Mwaka 2007 Dell ilianza kuuza huko Marekani baadhi ya kompyuta zenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Hata hivyo, hadi leo kompyuta za namna hiyo ni adimu madukani. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la mnunuzi mmoja wa Ufaransa dhidi ya Sony, iliamua kwamba kuuza kompyuta pamoja na programu zilizokwisha kuwekwa si kosa kwa nafsi yake. Basi mnunuzi asingoje kuokolewa na mahakama.

Hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi iliyozaa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu huria za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Lakini kazi njema ya wataalamu haiingii yenyewe katika kompyuta iliyo rafuni.

Wenye maduka husema kwamba wateja hawaulizi. Mteja ataulizaje asichopata kukiona? Twakubali kwamba ziko programu zisizofanya kazi katika Linux, na mwenye kuzihitaji asilazimishwe kuziacha. Tunachodai ni nafasi ya kuchagua.

Nguvu ya kuleta nafasi hiyo imo mikononi mwa wanunuzi wa jumla. Vyama vya wafanyakazi, vyama vya ushirika, shule na ofisi za umma yafaa waandike katika zabuni zao kwamba wanataka bei mbili: ya kompyuta yenye Windows, na ya kompyuta ile ile yenye Linux. Mfanyabiashara aonapo oda ya kompyuta mia hatasema tena kwamba hakuna mteja. Na yule anunuaye moja tu, naye aulize. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.